Sauti nzuri katika nyumba ya mawe kwa Sh 30,000: jibu kwa mwalimu wa Lamu

Mwalimu mmoja wa Lamu ameniandikia swali ambalo nimeona linastahili jibu refu. Marehemu baba yake alimwachia sanduku la kanda za taarab, nyingi zikiwa za Zein l'Abdin na Juma Bhalo, pamoja na deki ya kuzichezea ambayo siku hizi hutoa sauti iliyofifia. Anaishi na mama yake katika nyumba ya kale ya mawe mtaani Mkomani, ameweka kando Sh 30,000, na anataka wazisikilize kanda hizo jioni kwa sauti inayozistahili. Muuza duka amemshauri anunue seti yenye sabwufa (spika ya besi) kubwa, ambayo boksi lake limeandikwa wati 10,000. Binamu yake, mpenzi wa vyombo vya bei kubwa, amemwambia kwamba sauti ya kweli huanzia shilingi laki tatu, na kwamba kwa fedha alizo nazo ni heri asikilize kwenye simu. Anauliza amfuate nani.

Bi Mwalimu, usimfuate yeyote kati yao. Fedha ulizo nazo zinatosha, maadamu kila shilingi itaelekezwa penye kasoro kubwa zaidi. Amplifaya ya kisasa ya bei ya chini, iliyoundwa vyema, haiyumbi hata desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti) katika masafa yote ambayo sikio la mwanadamu linayasikia, yaani kutoka hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi hezi 20,000. Spika nzuri huyumba desibeli 3 au 4. Chumba huweza kuikuza au kuimeza besi kwa desibeli 10 na zaidi. Nayo kanda inayosomwa na kichwa kilichoinama kidogo tu huzipoteza sauti zake za juu karibu zote. Ukizipanga kasoro hizi kwa ukubwa wake, utaona kwamba mbili zinazokuhusu zaidi ni chumba na kanda, na zote mbili hurekebishwa kwa uvumilivu na kazi ya mikono kabla ya fedha kuhitajika. Anayeanza kwa kununua amplifaya ya thamani anatibu mahali pasipouma.

Nianze na chumba, kwa kuwa nyumba za Lamu zina tabia zake. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita 2.5 hivi au kuzidi kidogo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, zilizopigwa lipu ya chokaa ikalainishwa. Ukuta wa namna hiyo huizuia sauti isimsumbue jirani, lakini sauti isiyotoka nje hurudi ndani, na inaporudi huja na rangi ya chumba.

Hesabu yake si ngumu. Katika joto la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ukigawa 349 kwa mara mbili ya upana wa mita 2.5 utapata karibu hezi 70, na hiyo ndiyo noti ambayo kuta mbili ndefu hurushiana na kuikuza, yaani mrindimo wa upana wa chumba. Kama urefu wa chumba ni mita 6, kuna mrindimo mwingine karibu na hezi 29 na wa pili wake karibu na hezi 58. Kama dari iko mita 4 juu, kuna mwingine karibu na hezi 44. Sasa fikiria udi: katika mojawapo ya namna zilizozoeleka za kuulinganisha, uzi wake mnene kabisa hupiga karibu hezi 65. Noti za chini za udi wa Zein zitaangukia papo hapo ambapo chumba chako kinapenda kunguruma, na noti zilizo hatua chache juu yake zitasikika nyembamba, ingawa mpigaji alizipiga zote kwa nguvu moja.

Hapo ndipo ushauri wa sabwufa unapoharibika. Sabwufa moja iliyosukumwa kwenye pembe ya chumba huiamsha mirindimo yote niliyoitaja kwa nguvu zake zote, kwa sababu pembeni ndipo mirindimo yote hukutana. Nyingi kati ya zile zinazouzwa katika seti za bei ndogo zimetengenezwa zipige kwa nguvu katika eneo dogo la besi ili zivutie dukani. Zikiingia katika chumba chembamba cha mawe, hutoa noti moja inayovuma chini ya kila wimbo, na mashairi yakafunikwa. Taarab haikuhitaji besi hiyo. Spika inayoshuka vizuri hadi hezi 55 au 60 itakupa udi, fidla, ganuni, tashkota, dumbak (ngoma) na sauti ya mwimbaji bila upungufu wa kuhuzunisha.

Spika mbili ndogo zikipangwa kwa ulinganifu hufanya jambo ambalo sabwufa ya pembeni haiwezi. Mrindimo wa upana una nguvu kwenye kuta mbili ndefu na hupotea katika mstari wa katikati ya chumba. Ukiziweka spika umbali sawa kutoka mstari huo, moja kushoto na nyingine kulia, nawe ukaketi juu ya mstari, zile hezi 70 ambazo spika zote mbili zinazitoa kwa pamoja hazitapata njia ya kuuamsha mrindimo huo, na hata ukiamka kwa sababu nyingine, ulipoketi hautakufikia. Wanaouonja ni wale walioegemea ukutani. Kwa hiyo mpe mama yako kiti cha katikati, nawe uketi bega kwa bega naye.

Pima hivi. Ziweke spika upande wa ukuta mfupi, zikitazama urefu wa chumba, mbele ya ukuta huo kwa sentimita 80 hivi, na kati ya spika moja na nyingine pawe na mita 1.3. Kila moja itabakiwa na sentimita 60 hadi ukuta wa kando. Umbali wa nyuma na wa kando usiwe sawa, kwa sababu ukiwa sawa, kuta mbili huikuza au kuikata noti ile ile kwa pamoja. Ketini mahali ambapo umbali kutoka kwenu hadi kila spika ni kama ule ulio kati ya spika zenyewe, au umezidi kidogo. Katika chumba cha mita 6 mtakuwa mmefika zaidi kidogo ya theluthi ya urefu, mbali na ukuta wa nyuma na mbali pia na nusu ya chumba, ambako mrindimo wa urefu huacha shimo. Zigeuze spika kidogo ziwatazame. Tundu dogo linalotoa sauti za juu liwe usawa wa masikio, na kama mna desturi ya kuketi chini juu ya magodoro, ziteremsheni spika hadi usawa huo badala ya kuziacha juu ya meza.

Najua utatamani kuziingiza spika katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa sababu zinaonekana kana kwamba zilichongwa kwa kazi hiyo. Usifanye hivyo. Kidaka huifunga spika pande tano, kikaongeza uzito wa besi na kuitia sauti ya mwimbaji mlio wa mtungi. Zidaka zina faida nyingine: zikiwa nyuma yenu, vishimo vyake vya kina tofauti hutawanya sauti za juu zisirudi kwa mkupuo mmoja. Viangalie tu vyombo vya kaure vilivyopangwa humo, kwani vikigusana vitalia pamoja na dumbak, nawe utadhani kanda imeharibika. Kitambaa chini ya kila sahani kinatosha.

Baada ya kuzipanga, simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mtetemo wa haraka, kama ndege anayepigapiga mbawa, hizo ni kuta mbili ndefu zinazorushiana sauti. Mtetemo huo huharibu zaidi matamshi: konsonanti hufunikwa na mkia wa silabi iliyotangulia, na msikilizaji wa taarab ambaye hapati maneno ya shairi amekosa nusu ya alichokuja kutafuta. Hapa watu wengi hutundika mkeka au pazia jepesi na kushangaa kwamba hawajasaidika. Unene ndio unaofanya kazi. Ili kitu chenye vinyweleo kiinywe sauti vizuri, unene wake, pamoja na nafasi iliyoachwa nyuma yake, unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi: kwa hezi 1,000 hiyo ni sentimita 9 hivi, na kwa hezi 100 ni karibu sentimita 87. Mkeka wa ukili hushika sauti za juu kabisa tu. Godoro la sufi lililosimamishwa ukutani, pale ambapo ungeiona spika kama ukuta ungekuwa kioo, hushuka hadi kwenye sauti ya mwimbaji. Yakisimamishwa mawili, moja kila upande, na zulia zito likatandikwa sakafuni kati yenu na spika, chumba kitabadilika zaidi ya ambavyo kingebadilishwa na amplifaya yoyote. Mchana mnaweza kuyarudisha kitandani. Kama nyumbani hayapo ya ziada, tenga Sh 3,500 kwa ajili yake na zulia la mtumba, na utafute kwanza kwa jamaa kabla ya kwenda dukani. (Huku kwetu Malindi, mwenye banda la makuti ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa makuti hunywa na kutawanya sauti bila kuombwa, ingawa vumbi lake huzila spika.)

Besi haitatulizwa na godoro, kama hesabu ilivyoonyesha. Ikiwa baada ya kupanga kila kitu bado kuna noti inayovimba, cheza kwenye simu mlio mmoja mmoja kuanzia hezi 40 hadi 120, ukipanda polepole, na utie alama pale inapovimba. Kisha punguza eneo hilo dogo kwa kisawazisha sauti cha simu au kompyuta, desibeli 4 au 6. Punguza vilele tu. Shimo lililochimbwa na chumba halijazwi kwa kuongeza nguvu. Ukilazimisha, utachosha spika bure.

Sasa zile wati 10,000. Tarakimu hiyo kwa kawaida huandikwa na herufi PMPO pembeni yake, na haina kipimo kinachokubalika popote. Kila mtengenezaji hujipimia apendavyo. Wati zenye maana ni zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila kuikwaruza sauti, zinazoandikwa RMS. Soketi ya nyumbani ya volti 240 na ampea 13 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120, na seti hizo huvuta sehemu ndogo sana ya hizo. Mahitaji yako ni madogo. Spika ya kawaida hutoa desibeli 86 hivi kwa mita moja ikipewa wati 1. Kwa umbali wenu wa mita moja na nusu, na kwa msaada wa kuta, wati hiyo moja itawapa sauti ambayo tayari ni ya kuinua shingo. Tuseme dumbak na vilele vya mwimbaji vinahitaji desibeli 15 juu ya hapo: hiyo ni mara 32 ya nguvu, yaani wati 32. Amplifaya ya wati 30 hadi 50 kwa kila upande inatosha na kubaki. Kukimbilia wati 100 badala ya 50 kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio la mama yako.

Kwa sababu hiyo amplifaya nisingeipa zaidi ya Sh 5,000. Zipo nyingi ndogo zilizojengwa juu ya kipande (chipu) cha kampuni ya Texas Instruments kiitwacho TPA3116, na zikipewa adapta nzuri ya volti 19 hadi 24 hufanya kazi safi kabisa. Adapta ya kompyuta ya kupakatwa iliyobaki nyumbani, yenye volti 19 na ampea 4, inafaa. Faida nyingine ni kwamba haipati joto jingi wala haili umeme mwingi, jambo la maana kama nyumba inategemea pia sola. Amplifaya ya zamani ya mtumba kutoka Japani au Uingereza inaweza kuwa nzuri pia, ila kapasita zake zinaweza kuwa zimekauka, na chumvi ya pwani huwa imekwisha kuvila vitufe. Sipendi umnunulie fundi kazi ya miezi.

Spika ndizo zinazostahili fungu kubwa, na ningekuwekea Sh 14,000. Tafuta jozi ya spika ndogo za mbao za mtumba, zenye koni ya besi ya inchi 5 au 6.5 na nyingine ndogo ya sauti za juu. Mombasa zinapatikana zikitolewa katika shehena za vyombo vilivyotumika, na mara nyingi anayeziuza hajui thamani yake. Floyd Toole, aliyeanza utafiti wake katika baraza la utafiti la taifa la Kanada kisha akaendelea katika kampuni ya Harman, alionyesha kwa miaka mingi kwamba wasikilizaji wasioiona spika huelekea kuchagua ile yenye sauti iliyonyooka mbele yake na inayopungua taratibu pembeni, bila vilele. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zile zile mara mbili, mara moja zikiwa nyuma ya pazia na mara nyingine zikiwa wazi, na alama zikabadilika walipoziona: ukubwa, sura na jina viliingia katika masikio. Hii ndiyo sababu nakuomba ufumbe macho unaposikiliza, na uchague wimbo wenye sauti ya mtu unayemjua vizuri, kwa kuwa sikio haliwi kali kwa chombo chochote kama lilivyo kwa sauti ya binadamu. Zinapolinganishwa jozi mbili, sawazisheni ukubwa wa sauti kwanza. Chombo kinachopiga juu kwa desibeli moja tu huonekana kitamu zaidi, hasa kwenye besi, kwa kuwa masikio yetu huipoteza besi kadiri sauti inavyoshuka; wauzaji wanalijua jambo hilo hata wasipolitaja.

Kabla ya kulipa, toa kitambaa cha mbele uangalie ule ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, kataa, hata kama bado mzima, kwa sababu sponji hiyo huoza kwa unyevu na katika hewa ya Lamu haitakaa. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu. Isukume koni ndani polepole kwa vidole vyote sawasawa. Ikikwaruza, waya wake umeshaungua au umepinda. Kila koni isikilizwe peke yake, sikio likiwa karibu, maana spika yenye koni ya juu iliyokufa huendelea kutoa sauti na mnunuzi asiyejua hudhani ni ya upole. Tazama pia mbao chini na nyuma: ikiwa zimevimba, zilikwisha kunywa maji. Zifungeni kwa plastiki kabla ya safari, kwa kuwa kutoka Mokowe hadi gatini Lamu ni boti, na maji ya bahari yakirukia koni huacha chumvi.

Kama usumbufu wa mtumba unakuogofya, spika mpya zenye amplifaya ndani yake ni njia ya halali. Edifier R1280T, yenye wati 42 kwa jumla, ni mfano ninaouheshimu, na chumba chako hakihitaji zaidi. Moyo wangu bado uko kwenye jozi ya mtumba na amplifaya iliyo mbali nayo, kwa sababu kimoja kikiharibika kingine kinabaki, na fundi redio wa mtaani anaweza kukifungua.

Waya usikupotezee muda. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ule unaotumika kufungia taa, una ukinzani wa karibu omu 0.12 kwa kwenda na kurudi mita 5, na spika ya omu 8 haiuoni. Hakikisha ni shaba tupu na si alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Sh 1,000 zinatosha pamoja na jeki. Binamu yako akikuletea habari za faili zenye namba kubwa kuliko zile za sidii, mweleze kuwa mwaka 2007 Meyer na Moran wa Boston walichapisha majaribio 554 ambapo sauti ya namba kubwa ilipitishwa, bila wasikilizaji kujua ni lini, katika kipimo cha sidii, yaani biti 16 na hezi 44,100. Majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, sawa na kubahatisha.

Sasa tufike kwenye kanda, ambako naamini furaha yako kubwa imejificha. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, hupita mbele ya kichwa kwa sentimita 4.76 tu kila sekunde. Maana yake ni kwamba wimbi moja la hezi 10,000 lina urefu wa chini ya sehemu 5 za elfu moja za milimita juu ya utepe. Kichwa kinachosoma kikiinama hata kidogo kulinganisha na kile kilichorekodi, upande wake wa juu na wa chini husoma mawimbi tofauti na kuyafutilia mbali. Kanda zilizorekodiwa kwa sauti moja bila kushoto na kulia huumia zaidi, kwa sababu njia yake juu ya utepe ni pana. Hiyo ndiyo sauti "iliyofifia" uliyoieleza, na mara nyingi kanda yenyewe haina hatia.

Kwanza deki isafishwe. Pamba iliyolowa spiriti safi ipitishwe kichwani na kwenye kijiti cha chuma kinachovuta utepe, hadi itoke bila rangi ya kahawia. Gurudumu la mpira lipewe maji yenye sabuni kidogo. Mikanda ya mpira iliyo ndani, kama ni ile ya asili, bila shaka imelegea, na waimbaji hupanda na kushuka bila kutaka. Mpe fundi Sh 2,500 aibadilishe. Kisha kuna skrubu ndogo kando ya kichwa, yenye springi chini yake. Kanda ikiwa inacheza, igeuze kwa bisibisi ndogo, chini ya robo mzunguko, huku na huku, ukisikiliza herufi s, sh na th kinywani mwa mwimbaji. Patakuwepo mahali ambapo herufi hizo zinafunguka ghafla na kucha za mpiga ganuni zinasikika juu ya nyuzi. Acha hapo. Kila kanda huweza kuhitaji mahali pake, kwa kuwa kila moja ilinakiliwa katika mashine yake, na kazi hii ya dakika moja hurudisha zaidi ya ambavyo maelfu ya shilingi yangerudisha. Kitufe cha Dolby (kipunguza mvumo wa kanda) kizimwe, isipokuwa kanda imeandikwa alama hiyo. Kikiwashwa kwa kanda isiyo nayo, hupunguza sauti za juu bure.

Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu. Usiicheze kanda hiyo kabla haijasafishwa, kwa sababu itaambukiza deki na kanda zitakazofuata. Zilizo nzima, zipelekeni mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja kabla ya kucheza, kwani tabaka zinazokaa miaka mingi hushikana.

Halafu kila kanda ichezwe mara moja kwa uangalifu na iingizwe katika kompyuta, ili baada ya hapo msikilize nakala. Kadi ndogo ya sauti ya nje yenye tundu la kupokea, kama Behringer UCA222, isizidi Sh 4,000. Kompyuta ya shule au ya jamaa na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, vinakamilisha. Rekodi kwa biti 16 na hezi 44,100. Kaseti ina nafasi ya desibeli 60 hivi kati ya mvumo wake na kilele chake, na kipimo hicho kina 96, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Vilele vibaki chini ya kikomo kwa desibeli 6. Saa moja itachukua karibu megabaiti 635, na ukiihifadhi kwa muundo wa faili wa FLAC itapungua sana bila kupoteza chochote. Usiihifadhi nakala ya kwanza kwa MP3, na usiwashe kisafishaji cha mvumo kwa nguvu: mvumo wa kanda uko katika eneo lile lile la pumzi ya nai (filimbi) na mguso wa upinde wa fidla, na ukiuondoa wote huondoka pamoja.

Jumla ya niliyokutengea ni Sh 30,000. Fuata mpangilio huu: deki kwanza, kwa sababu ikiwa haitengenezeki utahitaji kuhamisha sehemu ya fungu la spika, kisha magodoro ukutani, mwisho ndipo uende Mombasa kutafuta spika. Nitumie upana, urefu na kimo cha chumba mtakachotumia, uniambie dirisha na mlango viko upande gani, na kama upande mmoja uko wazi kuelekea kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwa sababu uwazi huo huiachia besi itoke na hesabu niliyokupa hubadilika. Nitakuonyesha kwa mchoro mahali pa kila spika.